Ua la Usambara: Latamba ughaibuni, latoweka nyumbani

MCHEZA kwao hutunzwa, ndivyo walivyonena wahenga. Usemi huo, hata hivyo, haujalifaa ua la Usambara. Ua hilo dogo la zambarau linapamba madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya, Marekani na Japani, lakini katika miamba ya Tanga lilikotoka linaendelea kupungua mwaka hadi mwaka.

Wajerumani huliita violeti ya Usambara na Waingereza huliita violeti ya Afrika. Majina hayo yametokana na rangi yake tu, kwa kuwa kinasaba ua hilo halina udugu na violeti. Wataalamu wa mimea huliweka katika familia ya Gesneriaceae.

Habari za ua hilo zilifika Ulaya mwaka 1892, wakati Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga, alipoliona na kulituma kwa baba yake nchini Ujerumani. Kutoka huko lilifikishwa kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen mjini Hannover.

Mwaka 1893 Wendland aliupa mmea huo jina la Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza ni kumbukumbu ya ukoo wa ofisa huyo, na ya pili ina maana ya kuwa na maua yanayofanana na violeti. Jina hilo lilidumu kwa zaidi ya miaka 120, hadi mwaka 2015 wanasayansi walipouingiza mmea huo katika jenasi ya Streptocarpus.

Mmea wenyewe ni wa kudumu, yaani hauishi msimu mmoja na kufa. Majani yake ni manene, yenye vinyweleo, na aghalabu hujipanga kwa duara juu ya shina fupi, ingawa zipo aina zenye mashina marefu yanayotambaa. Mizizi yake haiendi kina kirefu, bali hushika kuvumwani na katika udongo kidogo uliokusanyika kwenye nyufa za miamba.

Kwa asili unapatikana Tanzania na Kenya pekee. Nchini Tanzania huota katika milima ya Usambara, Nguru na Uluguru, na pia katika miamba ya chokaa iliyo karibu na mji wa Tanga. Nchini Kenya upo katika miamba ya Kilifi na katika msitu wa Mbololo kwenye milima ya Taita, ambako kuna spishi isiyopatikana mahali pengine popote duniani.

Ua lake nalo lina mambo ya kustaajabisha. Lina petali tano, mbili ndogo juu na tatu kubwa chini, na katikati mna vifuko viwili vya manjano vyenye chavua. Halitoi nekta. Nyuki anayelitembelea hufuata chavua peke yake, naye huipata kwa kuvishika vifuko hivyo na kutetemesha misuli ya mabawa yake hadi chavua imwagike.

Aidha, kikonyo kinachobeba stigma, sehemu inayopokea chavua, hakikai katikati. Katika baadhi ya maua huelekea kulia na katika mengine kushoto, mithili ya mtu na taswira yake kiooni. Mpangilio huo husaidia chavua iliyonata upande mmoja wa nyuki kupokewa na ua lililoelekea upande wa pili.

Baada ya hapo hutokea tunda dogo lililojaa mbegu laini kama vumbi. Kwa kuwa mbegu hizo hazina akiba kubwa ya chakula, huhitaji kudondokea mahali penye unyevu wa kudumu, kwa mfano juu ya kuvu la jiwe lililo kivulini.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa mmea huu. Uhai wake hautegemei mwamba peke yake, bali pia mti unaoutilia mwamba huo kivuli. Mti ukikatwa, jua hulipiga jiwe moja kwa moja, kuvu hukauka na majani huungua. Hata kama mimea mikubwa itavumilia kwa muda, mbegu hazitapata tena mahali pa kuotea.

Kwa sababu hiyo, ua la Usambara laweza kutoweka pasipo mtu yeyote kulichuma. Ufyekaji wa mashamba, ukataji wa mbao na kuni, uchomaji moto na uchimbaji wa mawe ya chokaa vyote huliathiri. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2003, wimbi la wachimbaji wadogo wa dhahabu liliikumba misitu ya Usambara Mashariki na kuharibu kingo za vijito.

Tatizo huwa kubwa zaidi kwa kuwa makazi ya ua hilo yametawanyika kama visiwa. Kundi moja laweza kuwa katika majabali machache ya bonde moja, na kundi la jirani likawa mbali nalo, huku kati yao kukiwa na mashamba. Kundi moja likifa, si rahisi jingine kuziba pengo lake.

Wapo wanaoweza kuuliza hofu ni ya nini, ilhali ua hilo limejaa katika maduka ya ng'ambo. Jibu limo katika historia yake. Maua ya madukani kwa sehemu kubwa yametokana na mimea michache iliyopelekwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19. Katika miaka ya 1920 na 1930, wakulima wa maua wa Los Angeles waliotesha mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakachagua aina kumi zilizowavutia, na kutoka hapo biashara ikapanuka.

Isitoshe, jani moja likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu hutoa mizizi na kuzaa mmea mpya. Njia hiyo ni rahisi kwa mfanyabiashara, lakini kila mmea unaozaliwa hivyo ni nakala ya uliotangulia.

Mimea ya porini ni tofauti. Ile ya Shume, Usambara Magharibi, si sawa na ile ya mwambao wa Tanga, na kila moja imezoea baridi, joto na ukame wa mahali pake. Katikati ya karne ya 20 wataalamu walihesabu spishi zipatazo 20. Mwaka 2006 idadi hiyo ilipunguzwa hadi sita, nyingi zikihesabiwa kuwa vijamii vya spishi moja. Mabadiliko hayo ya majina hayakuondoa tofauti zilizomo ndani ya mimea yenyewe.

Sehemu ya urithi huo inalindwa. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, inahifadhi misitu ya Usambara Mashariki, katika eneo ambalo utafiti wa mimea ulianza tangu mwaka 1902. Hata hivyo, baadhi ya makundi ya ua hilo yako nje ya hifadhi, katika mabonde na miamba iliyozungukwa na mashamba.

Kwa makundi hayo, ulinzi hauhitaji uzio wala mitambo. Unahitaji miti iliyo juu ya jabali na kandokando ya kijito iachwe isimame. Mkulima anayeiacha miti hiyo hulinda pia chemchemi ya maji yake mwenyewe, na chini ya kivuli chake ua la Usambara litaendelea kuchanua nyumbani kwake.