Betri ya sola inakufa mapema? Ikatie umeme kabla haijaisha

Msikilizaji, huenda umeyaona haya kwenu. Betri ya sola imenunuliwa kwa fedha za mavuno. Mwaka wa kwanza inawasha taa hadi usiku wa manane. Mwaka wa pili, saa mbili usiku taa zimeshafifia. Lawama zinamwendea muuzaji: ametuuzia feki. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi betri imeuawa nyumbani, kwa kukamuliwa hadi tone la mwisho.

Tunazungumzia betri ya volti 12 ya asidi, kama ya gari au ile ya sola ya kawaida. Ndani yake kuna mabamba ya madini ya risasi yaliyozama kwenye asidi. Unapotumia umeme, mabamba hayo hupata utando wa salfeti ya risasi. Ukiichaji betri mapema, utando huondoka. Ukiiacha tupu siku kadhaa, utando hugeuka kuwa chembe ngumu zisizoondoka tena, na sehemu hiyo ya bamba imekufa.

Volti zinasema nini?

Betri iliyojaa na kupumzika saa chache husoma karibu volti 12.7. Ikifika nusu husoma kama 12.2. Chini ya 11.9 imekaribia kuisha. Taa zikiwa zinawaka, volti hushuka kidogo zaidi, kwa hiyo kukata umeme zikifika kama 11.5 ni salama kwa betri.

Kontrola nyingi za sola zina sehemu ya kuunganisha taa, na hukata zenyewe. Kama yako inayo, itumie. Tatizo ni kwamba wengi wetu hufunga taa na chaji za simu moja kwa moja kwenye betri. Hapo hakuna mlinzi.

Vifaa vinavyohitajika

Kwa taa, redio na simu, visivyozidi ampea 5 kwa jumla, tafuta kwa fundi redio:

- rilei ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 10
- transista BC547
- daiodi ya zena ya volti 11 (1N4741)
- daiodi ya kawaida 1N4007
- rezista mbili: kilo-ohm 1 na kilo-ohm 10
- swichi ya kubonyeza, ile inayojiachia
- fyuzi ya ampea 5

Namna ya kuunganisha

1. Kutoka chanya ya betri pitia fyuzi, kisha ingia mguu wa kati wa swichi ya rilei. Mguu unaokuwa wazi rilei ikiwa imelala ndio uende kwenye chanya ya taa.
2. Swichi ya kubonyeza iunganishe miguu hiyo miwili.
3. Koili ya rilei: upande mmoja kwenye chanya ya taa, upande wa pili kwenye kolekta ya transista. Emita iende hasi ya betri. Hasi ya taa nayo iende huko huko.
4. 1N4007 ikae sambamba na koili, mstari wake ukielekea chanya. Inalinda transista rilei inapoachia.
5. Zena: upande wenye mstari kwenye chanya ya taa, upande wa pili upitie rezista ya kilo-ohm 1 hadi beisi. Rezista ya kilo-ohm 10 iunge beisi na hasi.

Inavyofanya kazi

Zima taa, bonyeza swichi, na rilei italia "tak". Maadamu volti ziko juu, zena hupitisha umeme kidogo kwenda beisi, transista inashika rilei, na unaweza kuachia swichi na kuwasha taa. Volti zikishuka, zena hufunga njia, rilei inaachia, na kila kitu kinazimika, hata saketi yenyewe. Betri ikipumzika volti zake hupanda kidogo, lakini taa hazitajiwasha. Mpaka ubonyeze tena, na usibonyeze kabla jua halijaichaji.

Waya za kutoka kontrola ya sola zibaki moja kwa moja kwenye betri. Zikipita kwenye rilei, betri haitachajiwa baada ya kukatwa.

Jaribu kwanza

Zena hazilingani sawasawa. Washa taa, weka mita kwenye betri, na usome volti rilei inapoachia. Kati ya 11.3 na 11.7 ni sawa. Ikikata chini ya hapo, ongeza 1N4007 nyingine kati ya zena na rezista, mstari ukielekea beisi. Itapandisha kama nusu volti.

Tahadhari

Vua pete na bangili: chuma kikigusa chanya na hasi kwa pamoja kinaunguza. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka, na rilei hutoa cheche, kwa hiyo kisanduku hiki kikae mbali na betri. Usikitumie kwa inverta, maana inavuta umeme mwingi mno. Wala usikitumie kwa betri za lithiamu. Hizo zina viwango vyake.

Bei ya vifaa hivi vyote ni sehemu ndogo tu ya bei ya betri mpya. Usiku taa zikizimika ghafla, usikasirike. Betri imejitunza ili kesho iwake tena.