Nyasi Zikitoka Chini ya Theluji

Theluji inapoyeyuka Minnesota, kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili, nyasi za uani hutoka zikiwa za kahawia, zimelala chini, na hapa na pale zina mabaka ya kijivu. Mwenye nyumba hudhani zimekufa. Mara nyingi ziko hai. Kentucky bluegrass, aina ya nyasi iliyotapakaa katika viwanja vya jimbo hilo, husinzia wakati wa baridi huku mizizi na mashina yake ya ardhini yakingoja joto. Kosa kubwa la majira ya machipuko ni haraka.

Wakenya wengi wanaoishi Minneapolis na vitongoji vyake wamekulia mahali ambapo nyasi huitikia mvua: masika yakianza, uwanja hugeuka kijani kwa siku chache. Minnesota mwezi wa Aprili maji yapo tele. Kinachokosekana ni joto la udongo. Tena maji hayo ndiyo hatari yenyewe. Udongo uliolowa ukikanyagwa hushindiliwa, hewa haipiti, na mizizi hudhoofika msimu mzima. Chukua udongo kiganjani uufinye. Ukibaki donge la matope, rudi ndani. Ukimeguka, chukua reki.

Mabaka yale ya kijivu, au ya waridi, ni ukungu unaoota chini ya theluji iliyokaa muda mrefu, hasa penye majani ya miti ambayo hayakuzolewa kabla ya baridi. Kunyunyiza dawa ya ukungu wakati huo ni kupoteza fedha, kwa kuwa jua na upepo huukomesha. Pitisha reki kwa mkono mwepesi, uzitenganishe nyasi zilizogandamana. Ukivuta kwa nguvu utang'oa machipukizi. Vijinjia vilivyopindapinda ni kazi ya panya wadogo waliokula nyasi chini ya theluji, na aghalabu hufunikwa na nyasi mpya bila msaada. Ukanda ulioungua kando ya barabara ni habari nyingine: huko ni chumvi ya kuyeyushia barafu. Umwagilie maji mengi ili chumvi izame, kisha ndipo upande mbegu.

Kuhusu mbegu, chagua moja: kupanda au kuzuia magugu. Dawa inayozuia magugu ya msimu, ambayo huanza kuota joto la udongo likikaribia nyuzi 13 za Selsiasi, kwa kawaida huzuia pia mbegu za nyasi ulizopanda. Mimi ningeziba mapengo makubwa tu wakati huu, na upanzi wenyewe ningeuweka kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Septemba, udongo ukiwa bado na joto na magugu yakielekea kufa. Nyasi zikirefuka, usikate zaidi ya theluthi moja kwa mara moja, ubakize kama sentimita 7 au 8, na vipande viache palepale vioze. Vinarudisha naitrojeni bure.

Mbolea ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko yote. Ikiwekwa mapema mno hurefusha majani kabla mizizi haijapata nguvu, na mvua za machipuko huisomba hadi kwenye mitaro na maziwani. Minnesota ni jimbo la maziwa zaidi ya 10,000, na fosforasi hulisha mwani unaoyageuza maji kuwa ya kijani na yenye harufu. Ndiyo sababu tangu 2005 sheria ya jimbo zima inakataza mbolea ya fosforasi kwenye nyasi zilizokwisha kushika, isipokuwa kipimo cha udongo kionyeshe upungufu. Naiona ni sheria ya haki: maji yale ni ya watu wote. Kwa hiyo, kabla ya kununua mfuko wowote wa mbolea, peleka udongo wako kupimwa. Maabara ya Chuo Kikuu cha Minnesota huwapimia wenye nyumba, na majibu yake yatakuambia kama unahitaji fosforasi au la.