Mnyororo na kadena ya pikipiki: namna ya kuchagua kusudi mwizi asipate wakati

Katika Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira, pikipiki haiko tu chombo cha safari. Ndiyo inaleta chakula nyumbani, inalipa masomo ya watoto na kodi ya nyumba. Wamotari wengi hata hawana pikipiki yao wenyewe: wanaendesha ya mtu mwingine na kumupelekea versema, yaani feza waliyopatana, kila siku ao kila juma. Pikipiki ikiibiwa usiku, kazi inakufa siku ileile, lakini deni inabaki. Ndiyo maana kununua mnyororo na kadena inaomba kufikiri kidogo.

Ieleweke kwanza: hakuna mnyororo usiokatika. Mwenye mashine ya kukata vyuma na wakati wa kutosha atafika mwisho. Kazi ya mnyororo ni kumunyanganya mwizi wakati na kumulazimisha apige kelele. Mwizi wa usiku anataka kumaliza mbio na kimya. Akiona kazi itakuwa refu na jirani watasikia, mara nyingi anapita.

Mfungo wa gidoni hautoshi

Wengi wanafunga gidoni tu, wanatoa ufunguo na kwenda kulala. Ule mfungo ni mdogo, na gidoni ikisukumwa kwa nguvu unavunjika. Kontakti nayo inaweza kuzungukwa kwa kuunganisha nyaya. Tena, mwizi hana lazima ya kuwasha pikipiki. Boxer ao TVS za taxi zina uzito wa kilo mia moja na kitu. Vijana wawili ao watatu wanaiinua na kuipakia kwenye gari.

Kuna pia kadena ndogo ya kufunga kwenye diski ya freni. Ni nyepesi kubeba, lakini pikipiki nyingi za taxi hazina diski, freni zao ziko ndani ya gurudumu. Na hata ikiwepo, haizuii watu kuinua pikipiki yote.

Unene na ugumu wa chuma

Mnyororo unaouzwa kwa metre katika kenkayeri, wa milimita 6 ao 8, mara nyingi ni chuma laini. Unafaa kufunga mbuzi ao mlango wa uwanja. Mkasi wa chuma wenye mikono mirefu unaukata kwa sekunde chache. Kwa pikipiki, tafuta chuma kilichogumishwa kwa moto, chenye unene wa milimita 10 kwenda juu. Wa milimita 13 unasumbua sana mkasi wa mkono, na wa milimita 16 karibu hauwezekani kwa mkasi, lakini ni mzito: huo ni wa kuacha nyumbani.

Pima unene wa chuma cha pete moja, si upana wa pete nzima wala wa kitambaa kinachoifunika. Pete ndogo ni bora kuliko kubwa, juu mwizi hapati nafasi ya kuingiza nondo na kuzungusha. Nyaya zilizosokotwa na kufunikwa na plastiki zinadanganya macho: zinaonekana nene, kumbe ndani ni waya mwembamba, inakatika upesi.

Kungaa si alama ya ugumu. Fundi anaweza kupima kwa tupa, ile ya kunolea vyuma. Ikiteleza bila kuuma, chuma ni kigumu. Ikitoa unga na kuacha mfereji, ni laini. Na mnyororo mgumu usipelekwe kwa sudeeri kuunganishwa: moto wa kuchomelea unalainisha chuma mahali pale, na mwizi atakata palepale.

Kadena isiwe sehemu dhaifu

Watu wengine wananunua mnyororo mzuri, kisha wanaufunga na kadena ya bei ndogo kabisa. Mwizi hatagusa mnyororo, atavunja kadena. Ule upinde wake wa chuma uwe na unene unaokaribia ule wa mnyororo, na uwe mfupi, kusudi nondo isipate kuingia. Zile ambazo mwili wake unafunika mabega ya upinde ni bora zaidi.

Mbele ya kulipa, jaribu kuifungua kwa ufunguo wa kadena ingine ya aina ileile. Kati ya kadena za bei chini, funguo zinaweza kufanana. Kama inafunguka, iache dukani.

Namna ya kufunga

Kufunga gurudumu la mbele peke yake ni makosa: linafunguliwa na funguo za fundi, na pikipiki inaenda. Rayo nazo zinakatika. Pitisha mnyororo kwenye shasi pamoja na gurudumu la nyuma, kisha uuzungushe kwenye kitu kisichongoka. Kama pikipiki ni mbili ao tatu katika parseli, zifungwe pamoja.

Mnyororo usilale chini. Ukigusa udongo ao jiwe, mwizi anaegemeza mkono mmoja wa mkasi chini na kukandamiza ule mwingine kwa uzito wa mwili wote, ao anapiga kwa nyundo. Uwe mfupi, umekazika, uko juu. Tundu la ufunguo liangalie chini kusudi mvua na vumbi visiingie. Tone la mafuta kila mwezi linatosha.

Katika Goma, nyumba nyingi ni za mbao. Kufunga kwenye nguzo ya mbao ni kumupa mwizi kazi ya msumeno. Afazali kuchimba shimo karibu na ukuta, kuweka feri beto nene iliyopindwa kama pete, miguu yake ikunjwe ndani ya shimo, kisha kumwaga beto. Pete ibaki nje kidogo tu, kiasi cha mnyororo kupita. Kama ni nyumba ya kupanga, jante ya zamani ya gari iliyojazwa beto pamoja na pete inaweza kusaidia: watu wanaweza kuisogeza, lakini si kwa kukimbia nayo.

Mambo ingine ya kukumbuka

Ufunguo wa pili usikae na ule wa kwanza. Namba ya shasi na ya motere ziandikwe kwenye daftari nyumbani, pamoja na fakture na picha ya pikipiki. Bila hizo, ni vigumu kuonyesha polisi ao shirika la wamotari kama pikipiki iliyokamatwa ni yako. Na asubuhi, mbele ya kupiga kiki, angalia gurudumu: watu wameanguka juu walisahau mnyororo. Kitambaa chekundu kwenye gidoni kinakumbusha.

Mnyororo unalinda pikipiki iliyosimama. Barabarani, mbele ya watu wenye silaha, hauna kazi. Hapo motari aache ufunguo, ashuke na kuondoka. Deni ya pikipiki inaweza kujadiliwa na mwenye nayo, hata kama itachukua miezi. Maisha hayanunuliwi tena.