Resini ikiganda chupani: usiitupe, usiitie thina, na usilipe kabla ya kuiona

Simu nyingi tunazopokea za "nirudishieni pesa yangu" huwa ni za nambari iliyokosewa. Hizo tumezizoea. Ile ya Julai kutoka Busia haikuwa hivyo.

Aliyepiga ni fundi kijana wa Marachi, mwenye karakana ndogo nyuma ya soko. Humimina resini kwenye vibati, ikikauka anapata vipande virefu kama vijiti vinene, kisha anavikereza kwa mashine kuwa kalamu za zawadi na mipini ya visu. Alikuwa na oda ya kalamu 40. Wateja walimpa malipo ya nusu, naye akayatumia yote kuagiza resini ya epoksi na hadina yake kutoka Nairobi. Ikaja na basi la usiku. Asubuhi kufungua chupa, ndani mna kitu kizito, cheupe, chenye chenga kama asali ya mwaka jana.

Akampigia muuzaji. "Hiyo ni baridi tu, boss wangu." Simu ikakatwa. Ndipo akatupigia sisi.

Tulimwambia ukweli, na tunaurudia hapa kwa sababu wengi hawaujui. Kurudisha muamala ni kwa pesa iliyoenda kwa mtu asiye sahihi. Hapa pesa ilienda kwa till sahihi, jina sahihi, kiasi sahihi. Bidhaa ikiwa mbovu, hayo ni mazungumzo yako na muuzaji. Sisi tunaweza kuthibitisha kwamba ulilipa, siku gani na kiasi gani. Hatuwezi kufungua chupa.

Kusema ukweli hatukujisikia vizuri kumpa jibu hilo, kwa hivyo tulipokuwa Busia wiki iliyofuata tukapita kwake. Tulimkuta akicheka. Muuzaji, kumbe, hakuwa amedanganya.

Aliyemsaidia ni fundi mwenzake wa Malaba, mzee anayeziba bodi za malori kwa faiba pale kwenye foleni ya mpakani. Mzee alimkuta na chupa ya thina mkononi, tayari kuimimina. Akamzuia. Epoksi ikipata baridi, kama ile ya usiku basi likipanda Kericho, huwa nzito, na wakati mwingine hufanya chenga nyeupe. Haijaoza. Iweke chupa, kifuniko kimefungwa vizuri, ndani ya sufuria ya maji moto ambayo mkono unayavumilia kwa shida, kama nyuzi 50 hivi. Maji yakipoa, badilisha. Tikisa polepole, subiri hadi kila chenga iyeyuke, hata zile za chini kabisa, maana ukiacha mbegu zitaganda tena. Usiiweke juu ya jiko hata siku moja. Kisha iache ipoe kabla ya kuchanganya na hadina, kwa sababu resini ya moto hushika haraka na unaweza kukuta imekuwa jiwe kabla hujafikia kibati cha tatu.

Thina ingefanya nini? Ingeilainisha, ndiyo. Lakini thina hubaki ndani, na kipande kinabaki laini au kinapasuka kwenye mashine. Kuongeza hadina nako si dawa. Kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ndicho hicho hicho, na angalia kama kinasema kwa uzito au kwa ujazo. Hapo wengi huteleza.

Lakini huyo mzee naye ana hasara yake. Yeye hutumia resini ya poliesta, ile yenye harufu kali inayotiwa kichocheo kidogo sana, kama asilimia moja au mbili. Poliesta ina tabia tofauti: joto na mwanga ndivyo vinavyoiharibu. Aliacha mkebe miezi kadhaa chini ya mabati, kwa jua la Malaba, akakuta ugali. Ukitia kijiti kinasimama, mabonge hayayeyuki hata ukipasha. Hiyo imeshaanza kushikana yenyewe na hakuna maji moto ya kuirudisha. Aliitupa.

Kwa hivyo kabla ya kubonyeza PIN, omba muuzaji akufungulie, au kama yuko mbali, akutumie video akiinamisha chupa. Tazama kiputo cha hewa kinavyopanda. Kikipanda taratibu ni sawa. Kikikwama, uliza ni epoksi au ni poliesta, na ilinunuliwa lini. Muuzaji mzuri hatachukia. Kama ni mtu usiyemjua, mwombe akubali nusu kwanza, nusu mzigo ukifika na ukishaufungua pale pale stendi.

Lipa kwa till ya duka, si kwa nambari ya simu ya "kijana wangu". Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Na ule ujumbe wa malipo usiufute: fundi wetu wa Busia alikuwa ameufuta, ikambidi aombe taarifa ya akaunti ndiyo aweze kubishana na duka kuhusu tarehe.

Kitu kimoja zaidi, cha karakana. Resini ikianza kuwa nzito ikiwa tayari imechanganywa kikombeni, usiilazimishe kwenye kibati. Itafungia viputo ndani, na kipande chenye viputo hukuvunjikia ukikikereza. Tena kikombe kirefu kilichojaa huchemka chenyewe, kinaweza hata kutoa moshi. Imimine kwenye sinia pana, itoe nje, iache. Changanya kidogo kidogo, vaa glavu na miwani, fungua dirisha. Kichocheo cha poliesta kikiingia jichoni si mchezo.

Kalamu 40 zilitoka 37. Tatu zilikuwa na viputo, akazifanya mipini midogo ya visu vya jikoni, na wateja wakalipa nusu iliyobaki kupitia till yake mwenyewe.