Makontena kwa tovuti ya shirika dogo: kweli au si kweli?

Kwa tovuti ya SACCO, shule au zahanati, seva moja ya kukodi na faili moja ya maelekezo vinatosha. Lakini maneno kuhusu makontena, yaani vifurushi vya programu pamoja na vyote inavyohitaji, ni mengi, na mengine yanagharimu. Tuyapime.

"Makontena hayaendi bila Kubernetes."
Si kweli. Kubernetes, iliyotangazwa na Google mwaka 2014, ni ya kusimamia makontena yaliyotawanyika kwenye seva nyingi. Tovuti moja ya WordPress inatosheka na Docker, programu ya kuendesha makontena, pamoja na zana yake Compose. Ndani ya faili ya compose.yaml unaorodhesha WordPress, hifadhidata ya MariaDB, na Caddy ya kupokea wageni. Ukiandika `docker compose up -d`, vyote vinawaka.

"Cheti cha HTTPS lazima kinunuliwe."
Si kweli. Let's Encrypt hutoa bure. Caddy hukiomba na kukihuisha yenyewe, mradi jina la tovuti linaelekea kwenye seva yako na poti 80 na 443 ziko wazi.

"UFW ikiwashwa, hifadhidata iko salama."
Si kweli, na hapa wengi hunaswa. Docker huandika kanuni zake za mtandao zinazoipita UFW, yaani firewall ya seva. Ukiweka `"3306:3306"` chini ya MariaDB, UFW itakuonyesha poti imefungwa huku dunia nzima ikibisha hodi. Futa mstari huo: WordPress huifikia MariaDB kupitia mtandao wa ndani wa Compose.

"Kontena likifutwa, data hupotea."
Kweli, kama data iliandikwa ndani ya kontena lenyewe. Iweke kwenye voliyumu yenye jina, yaani hifadhi ya Docker iliyo nje ya kontena. Hata hapo chunga: `docker compose down` huacha voliyumu salama, lakini ukiongeza `-v`, nazo zinafutwa. Tena voliyumu si bekapu, kwani seva ikifa huondoka nayo. Kila usiku toa hifadhidata kwa `mariadb-dump`, ongeza folda ya wp-content, upeleke nakala nje ya seva. Kisha jaribu kuirejesha, maana bekapu isiyojaribiwa ni matumaini tu.

"Ukiandika `latest` kama toleo, programu hujisasisha."
Si kweli. Kontena hubaki na toleo lililovutwa siku ile. Taja toleo unalotaka, na panga siku ya kulisasisha baada ya bekapu.

"Kila tovuti inahitaji makontena."
Si kweli. Kurasa chache za HTML zinatosheka na hosting ya kawaida. Makontena hulipa pale penye hifadhidata na mafundi wanaopokezana: anayeingia husoma faili moja akajua kilichowekwa na toleo lake.