Kabla kijana hajaongeza nguvu ya Golf GTI

Kijana akipata Volkswagen Golf GTI iliyotumika, haipiti muda ataomba fedha za kubadilisha programu ya injini ili gari likimbie zaidi. Mzazi, kabla ya kutoa mchango, uliza kwanza: gari lenyewe ni zima?

GTI ya kizazi cha tano, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004, ina injini ya turbo ya lita 2.0 yenye nguvu za farasi 200. Programu mpya huongeza presha ya turbo, na hapo ugonjwa uliojificha hujitokeza. Plagi au koili iliyochoka huanza kumisi.

Kuna pia kikombe kidogo cha chuma kati ya kamshafti na pampu ya mafuta ya presha kubwa. Kikilika hadi kutoboka, huharibu vyote viwili. Fundi hukikagua kwa kufungua pampu tu, hivyo kikaguliwe mapema.

Kisha kompyuta ya gari isomwe kwa mashine. Kodi P0300 ni injini kumisi; P0299 ni turbo kukosa presha. Lakini kodi hutaja dalili, si kifaa kilichokufa. Huenda ni bomba la hewa linalovuja, na kijana ameshaagiza turbo nzima.

Hayo yakikamilika, fedha ziende kwanza kwenye breki na matairi. Kampuni ya bima nayo iarifiwe kabla ya mabadiliko. Mwendo ukiongezeka, gari lazima liweze kusimama.