Roboti na utingo wake

Lori linaporudi nyuma, utingo hushuka akatazama, dereva akabaki na usukani. Utingo hasimulii kila anachokiona, hupaza sauti tu: "Njoo, njoo, kata kushoto!" Vijana wanaounda roboti za mashindano ya FIRST, yaliyoanzia Marekani, huigawa kazi ya roboti hivyohivyo.

Tangu msimu wa 2023 viwanja vya mashindano hayo hubandikwa alama za AprilTag, miraba ya weusi na weupe. Roboti ikiziona hujua imesimama wapi. Lakini kuona ni kazi nzito: kamera ya nukta 640 kwa 480, ikipiga picha 30 kwa sekunde, humwaga nukta zaidi ya milioni 9 kila sekunde. Kompyuta kuu, roboRIO, iliyoingia uwanjani 2015 na kumbukumbu ya megabaiti 256 tu, tayari ina mzigo wa kuamuru mota mara 50 kwa sekunde.

Ndipo hufungwa kompyuta ya pili, mara nyingi Raspberry Pi inayoenea kiganjani. Yenyewe hutazama, kisha hupeleka jibu fupi: pembe, umbali na wakati picha ilipopigwa. Wakati ni lazima, kwa kuwa jibu likifika roboti imeshasogea. Umeme nao uwe tulivu. Mota zikivuta kwa pamoja volti hushuka, kompyuta ndogo ikazimika katikati ya mechi.

Mbinu hiyo ina ndugu yake porini. Kamera za TrailGuard za shirika la RESOLVE zilijaribiwa Grumeti, jirani ya Serengeti, kuwasaka majangili. Adha ya kamera za namna hiyo ni kwamba hata nyasi zikitikisika hupiga picha, na betri huisha. Mwaka 2019 RESOLVE na Intel walitangaza toleo lenye chipu ya Movidius, iliyoundwa kwa kazi ya kuona. Picha huchambuliwa palepale; inayotumwa ni ile yenye kitu cha kutilia shaka.

Milima ya Mwese, wilayani Tanganyika mkoani Katavi, ina sokwe mtu, na vijiji vya wilaya hiyo huuza hewa ya ukaa ya misitu yao kupitia mradi wa Milima ya Ntakata. Msitu wa namna hii nao unahitaji kamera inayoamua yenyewe na kutuma maneno machache. Klabu ya sayansi ya sekondari mjini Mpanda, mkoani humo, inaweza kuanza na kamera moja na kompyuta moja ndogo. Roboti yenyewe inaweza kusubiri.